Machaguo ya Tahasusi na Vyuo: Mambo ya Kupima kwa Mhitimu Ambaye Bado Hajaamua

Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini hujaza fomu ya machaguo, maarufu kwa jina la Selform, kabla ya kufanya mtihani wa Taifa. Humo huorodhesha tahasusi anazopenda kusoma kidato cha tano pamoja na kozi za vyuo. Wengi huijaza wakiwa hawajajua bado wanataka kufanya kazi gani maishani. Kwa kuwa ufaulu huweza kutofautiana na matarajio, Ofisi ya Rais – TAMISEMI hutoa nafasi ya kubadili machaguo kwa njia ya mtandao baada ya matokeo kutangazwa.

Nafasi hiyo ni ya muda maalumu, na uzito wake ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya 49, na kufanya jumla kuwa 65. Wigo umepanuka, lakini kila tahasusi hufungua milango fulani na kufunga mingine.

Mfano ulio wazi ni udaktari wa binadamu. Shahada hiyo hudai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia katika kidato cha sita. Mwanafunzi atakayesoma CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, atakuwa ameiacha njia hiyo ya moja kwa moja tangu kidato cha tano, hata akipata alama A katika masomo yote matatu. Kwa hiyo asiye na uamuzi aanzie mwisho wa safari: atazame kwanza sifa za kujiunga na fani mbili au tatu zinazomvutia, kisha achague tahasusi inayoziacha wazi zote.

Kidato cha tano si njia pekee. Mkoani Tabora hilo linaonekana kwa macho. Mji huo ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo, mmoja ukielekea Ujiji na mwingine nchi za Ziwa Victoria. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Leo mji huo una Chuo cha Reli, Chuo cha Ardhi na Chuo cha Ufugaji Nyuki, fani zinazoshabihiana na reli, ardhi na misitu ya miombo inayouzunguka mkoa. Kijana anayesoma jirani na vyuo hivyo anaweza kwenda kuona kazi zenyewe kabla ya kujaza fomu.

Kwa kawaida, mhitimu wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa angalau alama D katika masomo manne, yasiyo ya dini, anaweza kuanza ngazi ya cheti, ingawa kozi kama za afya hutaja masomo mahususi. Kutoka cheti huendelea na stashahada, na akifikia wastani unaotakiwa hujiunga na shahada.

Aidha, uamuzi wa kwanza si lazima uwe wa mwisho. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Shule ya Serikali ya Tabora, alisomea ualimu Makerere kuanzia mwaka 1943, akarejea Tabora kufundisha Shule ya St. Mary's, kisha akaenda Edinburgh na kuhitimu shahada mwaka 1952. Ualimu ulimpa msingi wa hatua zilizofuata.

Wazazi na walezi wanashauriwa kukaa na kijana wakiwa na matokeo yake mezani, na kumhusisha mwalimu wa ushauri nasaha. Kumfuata rafiki, au kutimiza ndoto ya mzazi, si kigezo cha kutosha. Kabla ya kuthibitisha machaguo, familia ihakikishe kuwa chuo kinatambuliwa na NACTVET au TCU, ijue gharama zake, na ikamilishe mabadiliko kabla ya dirisha kufungwa.