Dirisha la Mwisho Likifungwa

Walimu, tafadhali andikeni ubaoni maneno haya matatu: PROGRAMU, DIRISHA, KUHIFADHI.

Programu ni maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye kazi fulani. Dirisha ni sehemu ya kioo cha kompyuta ambamo programu huonyesha kazi yake. Programu moja yaweza kuwa na madirisha mengi: moja la barua, jingine la hesabu.

Sasa swali. Mtu akifunga dirisha, je, programu imekwisha? Si lazima. Dirisha la duka likifungwa, mwenye duka aweza kuwamo ndani bado, anahesabu mali.

Anayeamua ni mtengenezaji wa programu. Mwaka 2006 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa chombo cha kuundia programu kiitwacho WPF. Humo mna kanuni tatu, naye mtengenezaji huchagua moja:

1. Programu iishe dirisha la mwisho likifungwa. Asipochagua, hufuatwa hii.
2. Programu iishe dirisha kuu likifungwa, hata kama mengine yangali wazi.
3. Programu isiishe mpaka iagizwe waziwazi.

Sikilizeni kosa moja linalotokea mara nyingi. Programu huanza na dirisha dogo la kuuliza jina na neno la siri. Mtu akijibu, dirisha hilo hufungwa, ndipo dirisha la kazi lifunguliwe. Lakini kwa kanuni ya kwanza, dogo likifungwa kabla kubwa halijafunguliwa, hakuna dirisha lililobaki. Programu inakufa palepale! Dawa yake ni kama zamu ya walinzi: wa usiku asiondoke kabla wa mchana hajafika. Fungua jipya kwanza, kisha funga la zamani.

Liko kosa la pili. Dirisha lililofichwa halijafungwa. Halionekani, lakini kompyuta yalihesabu. Basi mtu hudhani programu imekwisha, kumbe ingali inakula nafasi katika kumbukumbu ya mashine.

Katika kompyuta za Macintosh, programu nyingi hubaki kazini hata madirisha yote yakifungwa. Mwenye kutaka kuimaliza hubonyeza kitufe cha Command pamoja na herufi Q.

Yafaa nini kuyajua haya? Fikirini karani wa ushirika aliyeandika hesabu za wakulima tangu asubuhi, asizihifadhi. Programu ikiisha ghafla, jasho lake limepotea. Kwa hiyo mtengenezaji mwema huifanya programu iulize kabla dirisha halijafungwa: "Je, nihifadhi?" Tena humpa mtu nafasi ya kusema, "Ngoja, usifunge." Nanyi msipuuze swali hilo, lisomeni mpaka mwisho ndipo mjibu.

Maswali ya kujibu:
1. Dirisha na programu vina tofauti gani?
2. Kwa nini dirisha jipya lifunguliwe kabla ya kufunga la zamani?
3. Dirisha lililofichwa limefungwa?

Jadilianeni, kisha kila mtu aandike majibu yake. Kwaherini mpaka somo lijalo.