KUTOKA MAANDAMANO HADI UGAVANA: SAFARI YA PROFESA KIVUTHA KIBWANA

Muhula uliopita chama chetu kilijadili mada hii: "Mtetezi wa haki za binadamu hafai kuingia siasa." Walioiunga mkono walipiga kelele kweli kweli. Eti siasa ni mchezo mchafu, na aingiaye jikoni hakosi masizi! Sisi wapinzani tulishindwa kwa sababu moja tu: hatukuwa na mfano wa kutoa. Basi nilikwenda kuutafuta, na nikaupata hapa hapa nchini, kule Makueni.

Kwanza tueleweshane. Mwanasheria mtetezi wa haki za binadamu ni yule anayetumia sheria kumkinga mwananchi dhidi ya serikali inayomwonea. Kazi yake ni kuuliza maswali. Mwanasiasa naye, akishachaguliwa, ndiye anayeulizwa. Je, mtu mmoja aweza kufanya yote mawili?

Profesa Kivutha Kibwana alizaliwa mwaka 1954. Alisomea sheria, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi na hatimaye akawa mkuu wa kitivo cha sheria. Angeweza kukaa kule na chaki yake, apokee mshahara, anyamaze. Hakunyamaza. Mwaka 1997 alikuwa miongoni mwa viongozi wa baraza la NCEC lililodai katiba ibadilishwe kabla ya uchaguzi. Msimamo wao ulikuwa mfupi: bila mageuzi hakuna uchaguzi.

Sisi wa leo hatujui hali ilivyokuwa. Zamani zile mkutano wa hadhara ulihitaji leseni, na chifu alikuwa na mamlaka makubwa juu ya watu wa lokesheni yake. Siku ya Saba Saba, yaani tarehe 7 Julai 1997, watu walipojitokeza kudai mageuzi polisi waliwapiga vibaya. Hata waliokimbilia Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi walifuatwa humo humo ndani! Baadaye mwaka huo Bunge lilibadilisha baadhi ya sheria hizo, na ile ya leseni za mikutano ikalegezwa. NCEC waliona hayo hayatoshi, wakaendelea kudai katiba mpya.

Naam, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwaka 2002 Kibwana aliinama: aligombea ubunge wa Makueni kwa tikiti ya NARC akashinda. Mwishoni mwa mwaka 2005 akawa waziri wa mazingira. Sasa yule aliyekuwa akiipigia serikali kelele barabarani alikuwa ndani ya gari lenye bendera. Lakini uwaziri si kinga. Katika uchaguzi wa Desemba 2007 watu wa Makueni walimnyima kura. Baada ya hapo alikuwa mshauri wa Rais Kibaki kuhusu mambo ya katiba, na mwaka 2010 Wakenya wakapitisha katiba mpya.

Katiba hiyo ndiyo iliyoleta ugatuzi, na ugatuzi ukaleta magavana. Mwaka 2013 Kibwana alichaguliwa gavana wa kwanza wa Makueni. Hapo ndipo mtihani wenyewe ulipoanza. Gavana na bunge la kaunti walivutana vikali kuhusu bajeti, hadi mnamo Septemba 2014 risasi zikalia katika majengo ya bunge hilo mjini Wote na watu wakajeruhiwa. Wananchi walichoka. Waliwasilisha ombi kwamba serikali nzima ya kaunti ivunjwe, kama katiba inavyoruhusu katika kifungu cha 192. Gavana mwenyewe aliunga mkono, ingawa kiti chake pia kingekwenda! Tume iliyochunguza ilipendekeza ivunjwe, lakini mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa, akawataka wapatane.

Walirudi kazini. Mwaka huo huo kaunti ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga wa mito. Jambo hili si dogo katika nchi kavu kama Makueni, kwani mchanga ndio unaoyaweka maji ya mto mvua ikiisha. Malori yakiumaliza, akina mama hawana pa kuchimba maji. Mwaka 2016 ukaja mpango wa matibabu, MakueniCare: jamaa nzima ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti, na gharama iliyobaki ikabebwa na kaunti. Wazee waliopita miaka 65 hawakulipa chochote. Kule Kalamba kilijengwa kiwanda cha maembe ili mkulima asiuze matunda yake kwa bei ya kutupa. Na mambo ya bajeti yalianza kujadiliwa vijijini, watu wakisema wanataka nini kwanza: maji, barabara au zahanati.

Mnaona, wenzangu? Haki ya kuishi na haki ya kutibiwa ni ndugu. Aliyedai ya kwanza barabarani alijaribu kuitimiza ya pili ofisini.

Hata hivyo nisiwadanganye kwamba alikuwa malaika. Ugomvi ule wa miaka ya mwanzo ulichelewesha kazi, na mgonjwa hangojei wakubwa wapatane. Alichaguliwa tena mwaka 2017, akamaliza muhula wake wa pili mwaka 2022. Mwaka huo aligombea useneta wa Makueni, akashindwa. Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani.

Basi mada ile ikirudi muhula ujao, mimi nitasimama tena upande wa kupinga. Watetezi wa haki wakikaa kando wote, hizo bajeti wataziandika akina nani? Nitawauliza hivyo wenzangu wa upande wa pili, na safari hii mfano ninao.