Mustari mdogo si kimya: tusome mawimbi ya sauti

Wengi wetu siku hizi tunatengeneza video: mafundisho, harusi, matangazo. Kwenye montaji tunaangalia picha tu, sauti tunaiacha ijipange. Mimi pia nilikuwa hivyo.

Siku moja, kule Walungu, mama mkulima alitueleza ugonjwa wa mozaiki ya mihogo. Alisema: «Usikate mbegu kwenye shina lenye majani yaliyojikunja.» Kwenye kompyuta niliona mustari umelala, kisha mawimbi yakapanda. Nikakata pale yanapopanda. Kusikiliza tena: «…kate mbegu kwenye shina lenye majani yaliyojikunja.» Ile «usi» imebaki nyuma ya makasi! Na ule ugonjwa unatembea ndani ya vijiti tunavyopanda. Kama ningetuma vile, ningewapelekea watu ugonjwa shambani.

Sasa tunasoma namna gani? Kushoto kwenda kulia ni wakati. Urefu wa wimbi ni nguvu ya sauti. «A» inachora mlima, lakini «s» ama «f» mara nyingi inachora kichuguu tu. Kama mulirekodi sauti ya chini, kile kichuguu kinaonekana sawa vile hakuna kitu. Basi kuza ule mchoro, sikiliza, ndipo ukate. Na uache nafasi kidogo mbele ya neno la kwanza.

Kando kuko mita ya desibeli. Sifuri ndiyo dari, namba zote chini yake ziko na alama ya kutoa. Kwa mtu anayeongea, vilele vikicheza kati ya −12 na −6, muko salama. Vikigonga sifuri, vinakatwa sawa juu ya meza: sauti imepasuka. Kuipunguza kisha hakurudishi kilichopotea, ni kupata tu sauti iliyopasuka yenye kelele ndogo.

Na ikiwa chini sana? Munaweza kuipandisha, lakini upepo na jenereta vinapanda pamoja nayo. Dawa iko shambani: leta mikro karibu na mdomo, rekodi sekunde kumi za majaribio, angalia mita, ndipo muanze.

Picha mbaya, mkulima atavumilia. Neno moja likipotea, atapanda vibaya. Tusikate kwa macho peke yake.