Je, Wajua? Haski wa Miaka 12 Bado Ana Mbio

Mwaka 1925, mbwa wa aina ya haski aitwaye Togo alikimbia takriban kilomita 420 kwenye theluji ya Alaska, katika msafara wa kupeleka dawa ya dondakoo mjini Nome. Alikuwa na umri wa miaka 12! Sifa nyingi zilimwendea mbwa mwingine, Balto, aliyekimbia kipande cha mwisho tu.

Togo alipokuwa mdogo aligawiwa kwa watu wengine. Akavunja kioo cha dirisha, akarudi kwa bwana wake.

Haski ndivyo alivyo: ni mtoro, na hata akikomaa bado ana mbio. Kwa hiyo mkazi wa Nyeri au Nanyuki anayetaka kumchukua haski aliyekomaa kutoka makao ya wanyama, kama yale ya KSPCA jijini Nairobi, aanze na ua. Ua wa kayaba peke yake hautoshi, maana haski huruka na kuchimba. Kuku nao wafungiwe. Silika ya kuwinda haijamtoka haski.

Baridi ya asubuhi chini ya Mlima Kenya humfaa sana. Jua la mchana ndilo la kumwepusha nalo, lakini asinyolewe: manyoya yake ya tabaka mbili humkinga na joto pia. Akimbizwe alfajiri na jioni, kwa kamba, na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kisikosekane nyumbani.