TP ya kikundi: majina kumi, wangapi wamesoma?

Katika vyuo vikuu vingi vya Bukavu, Goma ao Lubumbashi, mambo yanaenda hivi: asistanti anaingia, anatoa TP, anagawa wanafunzi kumi kumi. Siku ya kurudisha kazi, majina kumi yako kwenye ukurasa wa kwanza. Walioifanya ni wawili ao watatu. Wengine walitoa franka za kuchapisha, basi. Mtihani unapokuja, kila mtu anakaa peke yake.

Si ugonjwa wa Kongo tu. Mwaka 1913, Mfaransa Max Ringelmann alichapisha vipimo vya watu wanaovuta kamba. Watu 8 pamoja hawakufikisha hata nguvu ya watu 4 waliopimwa mmoja mmoja. Watu wakizidi, kila mmoja analegeza mkono.

Lakini kuacha kazi ya kikundi ni hasara kubwa zaidi. Somo linatolewa kwa Kifaransa, na wanafunzi wengi wanalinakili bila kulishika. Ni kwenye kikundi mmoja anathubutu kuuliza kwa Kiswahili: «Hii inflasio ni nini kabisa?» Mwenzake anafunga silabusi, anamwambia: mwaka jana kwa makuta haya ulipata mfuko mzima wa unga, leo unapata nusu. Hapo neno linaingia. Na anayeeleza anapata zaidi, ju huwezi kueleza kitu chenye hujaelewa. Unakwama katikati ya sentensi, unaona shimo lako mwenyewe.

Tena mfumo wa LMD, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unahesabu kazi ya mwanafunzi nje ya darasa ndani ya kredi zake 60 za mwaka. Mwenye silabusi ya kuazima na ordinatere ya jirani, saa hizo atazijaza na nani?

Kundi la watu 4 ao 5 linatosha. Kugawana kurasa, «wewe ya kwanza, mimi ya pili», hakusaidii, maana kila mmoja atajua zake tu. Wote wasome yote, kisha kila mmoja aeleze sehemu iliyoandikwa na mwenzake. Asistanti naye apige kura mbele ya wote: jina litakalotoka litetee kazi nzima, na alama zake ziwe za kundi lote. Hapo yule wa franka za kuchapisha, wenzake watamfuata mpaka kwao usiku, wamfundishe.