Futari Kabla ya Saa Moja

Mwezi wa Mei, jua la Mombasa huzama yapata saa 12 na robo jioni. Ramadhani ya mwaka 2020, kafyu ya korona ilianza saa 1 usiku. Kati ya adhana ya magharibi na gari la polisi, Mji wa Kale ulikuwa na kama dakika 45 za kufungua kwa tende, kuswali, kula na kupeleka sahani kwa jirani.

Hilo la sahani si dogo. Ramadhani mitaani humo sahani haitulii: kaimati za huku huenda kule, na sahani hairudi tupu, hurudi na viazi vya karai. Mtoto ndiye mjumbe. Mwaka huo mjumbe akibisha hodi, aliiacha sahani kizingitini na kurudi nyuma.

Tarehe 6 Mei Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kuwa hakuna wa kuingia wala kutoka Mji wa Kale kwa siku 15, sawa na Eastleigh kule Nairobi. Masoko na mikahawa ikafungwa. Kaunti yenyewe ya Mombasa ilikuwa imeshafungwa tangu 8 Aprili, kwa hiyo hiki kilikuwa kifungo ndani ya kifungo. Wauza vinyago wa mtaa wa Ndia Kuu walikuwa wameshakosa watalii. Sasa hata mama ambaye karai lake huonjwa na mji mzima Ramadhani, ndio msimu wake wa mavuno, akakosa wateja wa mitaa ya Majengo na Kizingo. Muuza kahawa na dele lake la shaba hakuwa na baraza la kuendea. Na hizo nyumba zilizoshikana kuta, hivyo vichochoro ambamo wawili wakipishana hugusana mabega: umbali wa mita upimwe wapi?

Misikiti ilifungwa tangu Machi, tarawehe ikahamia sebuleni. Vijana waliohifadhi juzuu chache madrasa, ambao msikitini hukaa safu za nyuma, wakasukumwa mbele kuwaswalisha mama na dada zao. Hao, angalau, walipanda cheo.

Agizo la kufunga Mji wa Kale likaongezwa hadi 6 Juni, na Idi ya 24 Mei ikaangukia humo humo. Uwanjani Makadara, ambako watoto hupanda pembea sikukuu nzima, hapakuwa na pembea. Kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulikuwa bure tangu Machi, basi mkono wa Idi nao ukapita kwenye simu. Ukamfikia baba, mtoto wa miaka sita hana laini.