Waliomba ngoma ya asili, nikawapa Studios Kabako

Mwalimu mmoja hapa Uholanzi aliniomba nimtafutie video ya "ngoma ya Kiafrika" kwa ajili ya siku ya tamaduni darasani kwa binti yangu. Nikamtumia dakika chache za Studios Kabako, kundi la dansi la Kisangani, Kongo. Jibu likaja na adabu zake zote: nzuri sana, ila inaonekana ya Kizungu kidogo, je, sina kitu cha asili zaidi? Wazazi wenzangu wanasema nilimjibu kwa ukali. Nilimjibu kwa ufupi tu, na kundi hili halielezeki kwa ufupi, ndiyo maana naandika.

Faustin Linyekula alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, kule inakoishia reli ya kutoka Kisangani. Alikuwa akisoma Kisangani utawala wa Mobutu ulipofunga vyuo vikuu, akaelekea Nairobi. Huko, mwaka 1997, yeye na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen wakaanzisha Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Kazi yao, *Cleansing*, ikapata tuzo Luanda mwaka 1998, kwenye mashindano ya Afrika na Bahari ya Hindi. Kwa hiyo nikiulizwa dansi hii imetoka wapi, nataja Nairobi na Luanda kwanza. Ufaransa nayo imo, sikatai: mashindano yale yaliendeshwa kwa fedha zake, na kundi linacheza sana Ulaya kwa kuwa huku ndiko kwenye kumbi zinazolipa. Lakini mnunuzi wa tiketi si mtunzi.

Studios Kabako ilianza Kinshasa mwaka 2001, nchi ikiwa vitani, Rais Laurent Kabila ameuawa Januari ya mwaka huohuo. Kabako ni jina la rafiki aliyekufa kwa tauni. Ukilijua hilo, kazi yao *Dinozord* ya mwaka 2006 haikupi taabu: inamhusu Kabako huyo, na pia Antoine Vumilia, rafiki mwingine aliyekuwa gerezani Kinshasa kwa kesi ya mauaji ya Kabila. Mwaka huo ndipo Linyekula alipofanya jambo ninalolithamini kuliko tuzo zake zote. Alilihamishia kundi Kisangani, mji ambao majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani yake siku 6 mwezi Juni 2000. Kutoka hapo wakajenga mahali pa mazoezi, pa kurekodi muziki, pa kufundishia vijana, na baadaye wakaingia hata kwenye suala la maji safi huko Lubunga, ng'ambo ya mto. Mwaka 2009 walimchukua mpiga gitaa Flamme Kapaya wakatengeneza *more more more… future*, ndombolo iliyopandishwa hasira. Au ndombolo nayo ni ya Kizungu?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Waholanzi wanamjua. Prince Claus Fund ilimpa tuzo yake kuu mwaka 2007, na mwaka 2019 Holland Festival ilimweka msanii mshirika pamoja na William Kentridge. Amsterdam wameelewa, huku kitongojini kwetu bado. Darasani walionyeshwa Wamasai wakiruka. Sina ugomvi na Wamasai.

Binti yangu aliitazama ile video mara moja, akaanza kutikisa mgongo sebuleni, mdogo wake akamfuata, chupa ya chai ikaenda chini. Ningempeleka darasa la dansi, lakini Jumamosi ni siku ya bwawa.

Hapa mtoto hahesabiwi kuwa anajua kuogelea mpaka awe na karatasi. Kuna diploma A, ikifuatwa na B, halafu C. Sheria hailazimishi, ila mwambie mzazi wa Kiholanzi kwamba mwanao ameishia A uone atakavyokutazama. Sehemu ya mtihani inafanywa na nguo na viatu mwilini, kwa kuwa nchi imejaa mifereji na anayetumbukia hatumbukii akiwa na nguo za kuogelea. Hapo wana akili, nakubali. Halafu kuna turubai lenye tundu linaloning'inizwa majini: mtoto apige mbizi, alipite lile tundu. Kwa A ni mita 3, kwa B mita 6, kwa C mita 9. Sisi wazazi tunakaa kando, viatu vimevishwa mifuko ya plastiki ya buluu, joto linatuchemsha, na tunalipa kila mwezi. Kwetu Ujiji, utotoni, tuliingia ziwani nyuma ya kaka zetu, basi, hakuna aliyetupa karatasi. Mume wangu hunikumbusha kwamba wengine walizama. Huwa anapenda kukumbusha.

Dada mtu anafanya C mwezi ujao. Mdogo amekwama B. Anafika hadi kwenye tundu, analishika turubai, anachungulia upande wa pili, anarudi. Mwalimu wake amenieleza tatizo: mtoto anatumia kiuno mno. Nimemwambia asimguse hicho kiuno, amfundishe mbizi tu.